Povu Jeupe Nyuma ya Jiwe la Israa

Kitendawili. Nyumba ina milango miwili, kufuli haina, bawabu hana, na aliyemo ndani hatoki. Umeshindwa? Usinipe mji, miji ninayo mingi, nitakwambia bure: ni mimi na eda yangu.

Mwenye kufiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa zito. Nilipokuwa kijana niliwaona mama zangu wakikaa, wakitoka wamenenepa kidogo, maisha yakaendelea. Lakini nyumba zetu za Lamu zimejengwa kwa mawe mazito, vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo mwanga unavyopungua. Unaanza kuzijua kuta kama unavyozijua nyuso za watu. Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya sabini na moja.

Asubuhi hiyo alikuja mwanangu Nabhan kutoka Mombasa. Siku ya msiba baba yake, Madi, alikufa alfajiri akazikwa baada ya alasiri, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Nabhan wakati huo yumo ndani ya basi. Alipofika Mokowe na kuvuka na boti, watu walikuwa washarudi kutoka makaburini wanakunywa kahawa. Hakulia. Alisimama darini akaniuliza kama kuna kitu cha kubeba. Tangu siku hiyo mwanangu anatafuta kitu cha kubeba.

Basi alikuja, akanibusu mkono, akala mkate wa mofa na chai, kisha akafungua mkoba wake wa kazi. Yeye ni fundi wa vigae, anatandika sakafu za watu huko Mombasa.

"Mama, mwezi wa Shaabani huu, Ramadhani yaja. Nimekuja kulisafisha kaburi la Israa. Nataka ling'ae kabla hatujamjengea Baba lake."

Moyo wangu ukafurahi. Israa ni mwanangu wa kwanza, dadake Nabhan. Alikufa na homa ya siku tatu, miaka zaidi ya ishirini sasa, hakuacha mtoto, hakuacha hata picha iliyo wazi. Alichoacha ni jina lake, na jina lake limo katika jiwe. Baba yake alilichonga kwa mkono wake, jiwe la matumbawe alilolitoa kisiwa cha Manda, akakaa nalo uani siku arubaini, hasemi na mtu. Sasa aliyechonga naye kafa. Kwa hiyo jiwe lile lina watu wangu wawili ndani yake.

Kisha Nabhan akatoa brashi ya nyaya za chuma, na mtungi mdogo wa plastiki wenye kifuniko chekundu.

"Hiyo nini?"

"Asidi. Sisi twaondolea saruji iliyoganda juu ya vigae. Uchafu wa miaka ishirini utatoka kwa dakika tano."

"Hapana, Nabhan. Jiwe la babako halitiwi hiyo."

Akacheka, kicheko cha upole, kile cha kumchekea mtu mzima aliyesahau jina la siku. "Mama, kazi hii ndiyo inayonilisha."

"Na mimi jiwe lile nalisafisha kila Shaabani. Babako bega lilipomshinda, miaka mitano hii, yeye alikaa kitako akisoma Yasini na mimi nikasugua. Ni mayi ya mvua, na kumbi la nazi lililolowa, basi."

"Ndiyo maana limekuwa jeusi," akasema. "Pumzika, Mama. Mwaka huu ni zamu yangu."

Akainuka. Nilimshika mkono, akanibusu kichwani, akateremka ngazi. Nikasikia mlango wa barazani ukifungwa. Mtu mzima wa miaka arubaini, utamfunga kamba?

Nikamgeukia wifi yangu Batuli. Batuli ni dada wa marehemu mume wangu, na tangu siku ya msiba amehamia kwangu. Anasema amekuja kunifariji. Analala kwenye kitanda kilichozuia mlango, kwa hiyo kila mtu ajue mwenyewe amekuja kufanya nini.

"Wifi," nikamwambia, "enda umzuie. Ataliua jiwe."

"Mimi? Na magoti haya, makaburini? Nikifika Ramadhani ishakwisha."

"Basi nenda kwa jirani, umtume mtu."

"Nimtume aseme nini? Kwamba wifi yangu Nana amemkataza mwanawe kusafisha kaburi la dadake? Watu watasema eda imekupanda kichwani." Akavuta uzi wa kofia aliyokuwa akiidarizi. "Na jiwe haliumwi. Wenyewe wenye ilimu husema kaburi halitaki mapambo."

Nikampigia simu Nabhan. Ikalia, haikupokewa. Nikapiga tena. Nikaenda hadi dirishani, dirisha letu linatazama ukuta wa jirani, naweza kuugusa nikinyoosha ufagio. Nikarudi. Nikapiga tena.

Mara ya nne akapokea. Nilisikia upepo, na sauti ya kitu kinachochacha, kama mafuta ya kukaangia yanayopoa.

"Mama, nishaanza. Nimeanzia nyuma, nijaribu kwanza. Wallahi ungeona. Povu jeupe linatoka, uchafu wote unatoka wenyewe."

Nilikaa chini. Niwaeleze ninyi msiojua, kwa sababu hata yeye fundi hakujua: vigae haviliwi na asidi, ndiyo maana wanavipaka. Lakini jiwe letu la matumbawe ni ndugu wa chokaa. Ukilimwagia asidi linachemka, na lile povu si uchafu. Povu ndilo jiwe lenyewe, linaondoka. Na jina la Israa limechongwa kina cha nusu ukucha.

"Nabhan, lile povu ni jiwe."

"Mama, acha wasiwasi. Nikimaliza nyuma nageukia mbele, halafu nakuletea picha."

Akakata.

Nikavaa buibui. Sikukusudia, mikono ndiyo iliyolivaa. Nikapita chumba cha kati, nikapita sebuleni, nikateremka ngazi hadi mlangoni nikashika komeo. Nje nilisikia watu. Ilikuwa saa ya watu kutoka sokoni, punda wanapita na mchanga, mtu anamsalimia mwingine, mwanamke anacheka. Ndia ile ile niliyoipita maisha yangu yote, sasa kati yangu na ndia pana ubao wa inchi mbili.

"Wifi, wendapi?" Batuli alikuwa juu ya ngazi. Magoti yale yale yaliyoshindwa na makaburi yalikuwa yamefika ngazini upesi.

"Makaburini."

"Mjane wa siku sabini, mtana mweupe, makaburini. Haya. Fungua."

Hakunizuia, na hilo ndilo lililonizuia.

"Mwalimu wa darsa alisema kwa dharura yafaa," nikamwambia.

"Alisema daktari. Alisema mahakamani. Alisema chakula, kama huna wa kukuletea. Mimi nilikuwapo kwenye darsa, sikumsikia akisema jiwe." Akashuka ngazi moja, sauti yake ikapungua ukali. "Nana, mimi sikuhukumu. Lakini mato ya watu unayajua yanavyotazama. Watasema hakumwekea mumewe hata siku mia. Na aliyelala kule hawezi kujibu kwa ajili yako."

Nilisimama na komeo mkononi. Nikitoka, namvunjia Madi heshima yake. Nisipotoka, kazi ya mkono wa Madi inakuwa povu, na jina la mwanangu linakwenda nayo. Huku Madi na huku Madi. Nilitamani mmoja wao aniambie afadhali lipi. Komeo lile ni la chuma, lilikuwa baridi, mpaka leo nalikumbuka.

Nikaliachia. Nikapiga simu mara ya tano, na alipopokea sikumpa nafasi ya kusema.

"Nabhan. Weka hiyo asidi chini, uifunge, uje nayo hapa sasa hivi. Usipokuja radhi yangu huna."

Radhi ya mama si neno la kuchezea kwetu. Nimelea watoto wawili, wamevunja vyombo, wametoroka chuo, mmoja ameniletea mkwe bila kuniuliza, sijawahi kulitamka. Nililitamka pale nikiwa nimevaa buibui mbele ya mlango uliofungwa, nikajisikia vibaya kama aliyempiga mtoto.

"Naja," akasema.

Alikuja amekunja uso. Mtungi mkononi, suruali ina madoa meupe magotini. Hakuniangalia.

"Mama, nimeacha kazi nusu. Watu wananiona naondoka mbio kama mwizi. Neno zito hilo kwa ajili ya povu?"

"Njoo ndani."

Nikampeleka chumba cha ndani kabisa, ambako ukuta mzima una vidaka, vile vishubaka vya chokaa iliyochongwa tunavyopangia bakuli na sahani za zamani. Vilikuwa vimebomoka nilipoolewa. Madi alivichonga upya mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kila jioni akitoka kazini, maua madogo madogo kuzunguka kila kidaka, mpaka nikamwambia Bwana we, umeoa chokaa. Siku sabini na moja nimekuwa nikiyahesabu maua hayo nikikosa usingizi. Yako mia mbili na kumi na sita.

Nikafungua dirisha. "Vaa glavu zako. Jifunge kitambaa puani, na wewe wifi kaa mbali."

"Wataka nini, Mama?"

"Kitendawili."

"Mama, kwa haki ya Mungu."

"Kitendawili."

Akashusha pumzi. "Tega."

"Kazaliwa baharini, kakulia nti kavu, maji yalomzaa ndiyo adui yake."

Zamani, akiwa mdogo, Nabhan hakuwa na subira ya vitendawili. Alinipa Mombasa, Malindi na Kismayu kabla hajafikiri hata kidogo, nikamwambia huyu akiwa sultani tumekwisha. Sasa alisimama na glavu zake za manjano, akatazama dari.

"Nakupa Mombasa," akasema. "Chukua, na foleni zake."

"Jiwe la matumbawe. Na chokaa ya ukuta huu imetokana na jiwe hilo hilo, limechomwa tu na kusagwa. Tia kizibo kimoja cha asidi yako, umwagie ua lile la pembeni."

Batuli akasimama. "Nana. Hiyo kazi ya kakangu."

"Naijua ni ya nani."

"Huna jingine la kumwonyesha? Kuna ukuta wa choo."

"Ukuta wa choo hautamuuma," nikasema.

Nabhan alinitazama, akamtazama shangazi yake, kisha akafungua kifuniko chekundu. Akamimina kidogo katika kizibo. Mkono ulikuwa imara, ni fundi. Akalimwagia ua.

Likachacha. Povu likatoka jeupe, zuri kweli, kama la maziwa yanayofurika. Likateremka ukutani taratibu. Tukangoja. Sauti ilipopungua nikampa bilauri ya maji ya mvua akalisuuza, kisha nikamwambia apitishe kidole.

Ua halikuwapo. Palikuwa na shimo laini lenye chembechembe, mfano wa meno yaliyooza. Alipitisha kidole mara ya pili, na unga ukashuka juu ya sahani iliyokuwa chini yake.

"Uchafu huo?" nikamuuliza.

Alikaa kitako sakafuni na glavu zake, mtu mkubwa vile, akakitazama kidole.

"Nyuma nimemwaga," akasema baadaye. "Kabla hujapiga."

"Pakubwa kiasi gani?"

"Kama sahani hii."

"Mbele?"

"Mbele bado. Brashi tu. Nimepitisha brashi ya chuma kidogo, pale juu kabisa. Sijafika kwenye jina." Kisha akasema, "Sidhani nimefika."

Hilo neno, sidhani, lilinikata maini. Lakini si wakati wa kulia. Asidi haiachi kula kwa sababu mwenyewe ameondoka.

"Inuka. Kwanza, utatumia mayi gani?"

"Kuna kisima pale makaburini."

"Kisima kile kina munyu, chumvi ya bahari. Jiwe likinywa mayi ya munyu, likikauka munyu unabaki ndani, unaota kama mbegu, unalipasua uso. Hutaona yeo. Utaona mwakani, limeanza kumwaga unga. Chukua mayi ya mvua kwenye tangi la uani, mitungi miwili. Mkodi mwenye punda."

"Ndiyo."

"Ukifika usianze kusugua. Pale nyuma mwagia mayi mengi, mengi kuliko unavyodhani yatosha, yapite tu yenyewe. Halafu zunguka ulijaribu jiwe lenyewe. Weka kiganja, sukuma kidogo tu. Limeanza kuinama upande wa bahari tangu mvua za mwaka juzi. Likicheza, liache, usiliguse tena hata kama chafu. Lisipocheza, bado usipige magoti mbele yake. Kaa kwa pembeni. Lile jiwe lina uzito wa watu watatu, likikuangukia mguu sitakuwa na wa kunizika."

Batuli akasema, "Na mimi nipo hapa."

"Wewe na magoti yako."

Nabhan alicheka kidogo, puani, bila kupenda. "Halafu?"

"Lilowanishe lote. Sugua kwa kumbi kuanzia chini, ukipanda juu."

"Kuanzia chini? Sisi kazini twaanza juu."

"Kigae hakina kiu. Jiwe lina kiu. Uchafu ukishuka juu ya jiwe kavu, linaunywa, linabaki na michirizi. Chini likishalowa, uchafu unapita njia. Kwenye herufi usitie kumbi, tumia kijiti cha mti, laini, unakipitisha kama unayemsafisha mtoto sikio. Kisichotoka, kisitoke. Weusi mwingine ni umri."

Akarudia yote. Alikosea moja, la kijiti, nikamsahihisha. Kisha akachukua mtungi wa asidi, akauliza ataumwaga wapi. Nikamwambia ufungwe, urudi naye kazini kwake, Lamu asiumwage popote, wala shimoni wala pwani.

Akatoka. Nilisikia punda, nikasikia maji yakimiminwa mtungini, nikasikia mlango. Kisha nikabaki na Batuli na ukuta wenye maua mia mbili na kumi na tano.

Nilingoja saa mbili nzima. Sijui kama mnaijua saa ya mtu aliye ndani. Nilisali adhuhuri. Nilikwenda dirishani nikautazama ukuta wa jirani, kuna mstari wa chungu wanapanda, nikawafuata hadi juu, nikaanza tena na wa chini. Niliwaza brashi ya chuma. Jina la Israa limeanza karibu sana na ukingo wa juu, Madi alisema atamwekea jina juu ya kila kitu, hata juu ya tarehe. Batuli alileta chai. Haikunywewa. Akaichukua, akaileta tena imepashwa moto, na hakusema neno, na hilo nitamhesabia.

Simu ikalia.

"Mama, nyuma nimesuuza. Pamebonyea, kama kijisahani. Nina saruji nyeupe, niipazibe?"

"Usizibe. Saruji ni ngumu kuliko jiwe, italivuta likatike. Acha papo hapo."

"Pataonekana."

"Na paonekane. Jiwe lilicheza?"

"Halikucheza. Niko pembeni yake." Upepo ulikuwa umetulia, nilisikia maji yakidondoka. "Mama, mimi kusoma herufi za Kiarabu zilizochongwa sijui vizuri, na zimejaa ukoga. Sioni kama zimo zote."

"Weka kidole. Usitumie mato. Anza kulia, juu. Wasikia mstari umesimama?"

"Nasikia. Umesimama wima."

"Ndiyo alifu. Wa pili una meno."

"Meno matatu. Lakini ya juu yamekwaruzwa. Mama, hapa ndipo brashi ilipopita."

Nilishika ukuta. "Yamo au hayamo?"

Nilimwona, ingawa sikumwona: amekaa ubavuni, shavu karibu na jiwe, kidole kinakwenda na kurudi.

"Yamo," akasema. "Ncha zimelika. Lakini yamo. Yote matatu."

"Endelea."

"Hapa pamepinda, pameteremka."

"Ra."

"Halafu mwingine wa kusimama. Halafu kitu kidogo peke yake, kama ukucha."

"Hamza. Hapo ndipo jina linapoisha."

Kisha nikamsikia akilitaja, polepole, si kwangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa dadake alipokufa, na sijui mara ya mwisho nilimsikia lini akilitamka.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Kidole kilikuwa kikitembea, nilijua kwa jinsi alivyolivuta.

"Mama, boti ya Mokowe inaondoka saa kumi. Nikisafisha hivi unavyotaka, kwa kijiti, sitaiwahi. Jua litazama bado niko kwenye mstari wa pili. Utakuwa unaningoja."

Batuli alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Nje, ng'ambo ya kuta zangu zote, mtu alipita akiimba jambo lake.

"Fanya taratibu, baba," nikamwambia. "Mimi siendi popote."